Unga Umekamatwa, Ushahidi Uko Wapi?

Wiki hii twende pamoja hadi Amritsar, mji ulioko kaskazini mwa India, karibu kabisa na mpaka wa Pakistan. Mwanzoni mwa Agosti 1997, katika uwanja wa ndege wa mji huo uitwao Raja Sansi, maofisa wa forodha walimsimamisha raia mmoja wa Afghanistan aliyekuwa na boksi la zabibu. Boksi likachunguzwa, na maofisa wakasema wamekuta heroini, ile ambayo vijana wa mjini huiita unga, kilo moja na gramu 400. Mtu yule akachukuliwa maelezo, na katika maelezo hayo ikaandikwa kwamba amekiri kosa.

Mwaka 2000 mahakama ilimtia hatiani na kumpa kifungo cha miaka 10 pamoja na faini ya rupia laki moja. (Laki ni neno letu na lao, kwa Wahindi na kwetu pia ni mia moja elfu.) Akakata rufani katika Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana. Mwaka 2006 rufani ikatupwa. Akapanda tena hadi Mahakama ya Juu ya India, New Delhi, na Julai 2008 majaji wawili, S.B. Sinha na V.S. Sirpurkar, wakafuta hukumu na kuamuru aachiwe huru. Tangu siku aliposimamishwa uwanja wa ndege hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka 11 kasoro wiki chache tu.

Najua yatakayosemwa barazani. Mmoja atasema, "Hao wamekula mlungula." Mwingine, aliye mpole zaidi, atasema kwamba wanasheria wametafuta vijitundu vya kiufundi wakamchomoa mhalifu, na huku watoto wa watu wanaharibika kwa unga. Hasira hiyo naielewa. Mtu aliyemwona kijana wa jirani akianza kuuza sahani za mama yake ili apate kete moja hawezi kuzungumza juu ya biashara hii kwa sauti ya chini. Lakini kabla hatujawahukumu majaji wale, hapana budi tujue sheria waliyokuwa wakiitumia ni sheria ya namna gani, na imetoka wapi.

Tuanze mbali kidogo. Serikali ya India haikuanza kwa kupiga vita dawa za kulevya. Ilianza kwa kuziuza. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilijitwalia ukiritimba wa afyuni katika Bengal mwaka 1773, na kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo zao hilo lilikuwa miongoni mwa mapato makubwa ya watawala. Afyuni hiyo ndiyo kasumba, neno ambalo siku hizi wengi wetu tunalitumia kwa mambo ya fikra za kikoloni tu, tukisahau kwamba asili yake ni utomvu unaolevya. Shehena zilikwenda China, na Wachina walipozikataa Waingereza walipigana nao vita mara mbili, mwaka 1839 hadi 1842 na tena mwaka 1856 hadi 1860. Watu wa dini na wapenda haki huko Uingereza walipopiga kelele, iliundwa Tume ya Kifalme mwaka 1893, na mwaka 1895 wajumbe wake walio wengi wakasema hapakuwa na haja ya kupiga marufuku biashara hiyo India. Kiwanda cha afyuni cha Ghazipur, kilichoanzishwa mwaka 1820, bado ni mali ya serikali, na wakulima wenye leseni katika majimbo ya Madhya Pradesh, Rajasthan na Uttar Pradesh hulima mpopi kihalali kwa ajili ya dawa za hospitali.

Kwa hiyo sheria za zamani, zile za afyuni za mwaka 1857 na 1878, zilikuwa zaidi sheria za kulinda mapato kuliko kulinda afya. Hata ile ya Dawa za Hatari ya mwaka 1930 haikuwa na meno makali. Adhabu yake ya juu ilikuwa kifungo cha miaka mitatu, na minne kwa mtu aliyerudia kosa.

Mambo yakabadilika ghafla mwaka 1985. India ilikuwa imebanwa katikati. Magharibi yake kulikuwa na heroini ya Afghanistan na Pakistan, mashariki yake ile ya Burma na majirani zake, na bandari na viwanja vyake vya ndege vikawa njia ya kupitishia. Bunge likapitisha sheria mpya ya dawa za kulevya, nayo ikaanza kutumika tarehe 14 Novemba 1985. Kutoka miaka mitatu ya juu, tukafika kwenye miaka 10 ya chini! Kwa makosa mengi makubwa hakimu hakuwa na uwezo wa kushuka chini ya miaka 10, na angeweza kwenda hadi 20, pamoja na faini isiyopungua laki moja. Mwaka 1989 Bunge likaongeza ukali: dhamana ikawa haipatikani mpaka mahakama iridhike kwamba kuna sababu za msingi za kuamini mshtakiwa hana hatia, na kwa aliyerudia kosa kubwa la kiasi kikubwa, adhabu ikawa kifo, bila jaji kuachiwa nafasi ya kuchagua.

Lililo zito kuliko yote halionekani kwa urahisi. Katika kesi ya jinai ya kawaida anayedai ndiye anayethibitisha. Serikali ikisema fulani ameiba, serikali ilete ushahidi, na mshtakiwa anaweza kukaa kimya tangu asubuhi hadi jioni. Sheria hii ya 1985 iliugeuza mzigo huo. Ukikutwa na kitu, itachukuliwa kwamba ulijua ni nini na ulikuwa na nia mbaya, mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Fikiri juu ya msafiri aliyepewa kifurushi na rafiki wa rafiki ampelekee ndugu yake. Atathibitishaje kwamba hakujua?

Bunge halikuwa na upofu. Lilijua limempa polisi na ofisa wa forodha upanga mkali, na likaufunga kamba. Ofisa akipata habari za siri lazima aziandike na kuzipeleka kwa mkubwa wake. Na akitaka kumpekua mtu mwilini lazima kwanza amwambie kwamba ana haki ya kupekuliwa mbele ya hakimu au mbele ya ofisa wa ngazi ya juu, yule ambaye uteuzi wake hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Sababu yake kila mkazi wa mjini anaijua bila kuambiwa. Kete ni kitu kidogo. Inaweza kutoka mfukoni mwa mtuhumiwa, na inaweza pia kutoka mfukoni mwa anayepekua.

Hapo ndipo rufani zilipoanza kumiminika. Polisi walikuwa wakipekua kama walivyozoea kupekua siku zote, na wafungwa waliohukumiwa miaka 10 wakawa wanauliza: je, niliambiwa haki yangu? Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ilisema kwamba masharti yale ni ya lazima. Majopo mengine yakaonekana kulegeza. Ikabidi mwaka 1999 wakae majaji watano pamoja, na uamuzi ukasomwa na Jaji Mkuu A.S. Anand mwezi Julai. Wakasema kwamba ofisa asipomweleza mtu haki yake, kesi nzima haifi papo hapo. Lakini kile kilichokutwa mwilini mwake hakiwezi kuwa peke yake msingi wa kumtia hatiani. Wakaeleza pia, kwa maneno ambayo mimi nayaona ya busara sana, kwamba dawa za kulevya ni ugonjwa mbaya katika jamii, lakini tiba yake haiwezi kuruhusiwa iwe mbaya kuliko ugonjwa.

Mwaka 2005 mahakama hiyohiyo ilisema haki hii inahusu mwili wa mtu, wala si begi au kikapu alichobeba. Kwa maoni yangu mstari huo ni mwembamba mno, maana begi nalo hutiwa kitu kama mfuko unavyotiwa. Lakini ndivyo ilivyo. Mwaka 2010 majaji watano wengine wakakazia kwamba kwa upande wa mwili, haki ielezwe wazi, isiwe ya kukisiwa wala ya kutimizwa nusunusu.

Wasikilizaji wengine watauliza, na huku rufani ikisubiri, mtu yuko wapi? Yuko ndani. Huu ndio upande wa kesi hizi ambao magazeti huusahau. Mwaka 1994, kwa maombi ya kamati ya msaada wa kisheria, Mahakama ya Juu ilikuta mahabusu wamerundikana kwa miaka bila kesi zao kusikilizwa. Ikaagiza kwamba aliyeshtakiwa kwa kosa lenye kima cha chini cha miaka 10, akiwa amekwisha kukaa mahabusu miaka mitano, aweze kupewa dhamana ya rupia laki moja na wadhamini wawili. Tafakari hiyo: miaka mitano, na bado hajahukumiwa! Na kwa mgeni kulikuwa na sharti la ziada. Pasipoti yake izuiwe, na ubalozi wake utoe hati ya kuhakikisha kwamba hataondoka nchini. Mwafrika aliyekamatwa Bombay au Delhi, ambaye nchi yake ilikuwa na ubalozi mdogo wenye maofisa wachache na kazi nyingi, unaweza kukisia hati hiyo angeipata kwa taabu gani, na kama kuna ofisa angependa kuweka sahihi yake kwa ajili ya mtu asiyemjua aliyeshikwa na unga.

Yapo pia mabadiliko yale ya 1989, yaliyowanyang'anya majaji wa rufani uwezo wa kusimamisha adhabu wakati rufani inasubiri. Oktoba 2000 Mahakama ya Juu ililifuta katazo hilo. Haki ya kukata rufani, ilisema, inakuwa jina tupu ikiwa mtu atamaliza kifungo kabla rufani yake haijasikilizwa. Hata hivyo masharti mazito ya dhamana yaliachwa palepale.

Sasa turudi kwa majaji wawili na boksi la zabibu. Mawakili wa mrufani waliwaomba kwanza watamke kwamba kule kuugeuza mzigo wa ushahidi ni kinyume cha Katiba. Majaji wakakataa. Sheria ni ngumu, walisema, lakini ni halali. Lakini wakaweka kigingi. Kabla mzigo haujahamia kwa mshtakiwa, serikali lazima kwanza ithibitishe, pasipo shaka ya maana, ule msingi wenyewe: kwamba kitu kilikuwepo, kwamba kilitoka kwake, na kwamba ndicho hichohicho kilichopimwa maabara. Na pale ambapo mzigo umegeuzwa na adhabu ni kubwa, ndipo utaratibu ufuatwe kwa ukamilifu zaidi, si kwa ulegevu. Hata baada ya mzigo kuhamia kwake, mshtakiwa hatakiwi kuthibitisha kwa kiwango kile kizito kinachotakiwa kwa serikali.

Wakaanza kuuliza. Heroini yenyewe iko wapi? Haikuletwa mahakamani, ilisemekana imeteketezwa. Vema, kiasi kikubwa hakiwezi kukaa stoo milele. Sampuli zilizochukuliwa ziko wapi? Nazo hazikuletwa kama vielelezo. Boksi je? Halikuletwa. Mashahidi huru walioitwa kushuhudia upekuzi? Hawakusimama kizimbani. Maofisa wenyewe waliotoa ushahidi? Walipingana katika mambo ya msingi. Yalibaki maelezo ya kukiri, ambayo mshtakiwa aliyakana, na serikali haikuweza kuonyesha kwamba aliyatoa kwa hiari yake. Majaji walisema kwamba kila dosari ikitazamwa peke yake pengine isingeiua kesi, lakini zikiwekwa pamoja hakuna kesi iliyobaki.

Hebu msikilizaji jiweke mahali pa jaji. Mbele yako kuna mtu, na kuna karatasi inayosema kwamba siku moja, mahali fulani, alikuwa na kilo moja na gramu 400 za unga. Huoni unga. Huoni sampuli. Huoni boksi. Unaombwa umpe miaka 10 kwa karatasi. Wale wanaosema aliachiwa kwa "kijitundu cha kiufundi" wanieleze, ukiondoa kitu chenyewe, wanaoshuhudia kukamatwa kwake na lakiri ya kukifungia, nini kinachobaki ambacho si ufundi? Mimi naona kinyume chake. Ofisa aliyekuwa mzembe na vielelezo ndiye aliyeifungua milango ya gereza. Kama mtu yule kweli alibeba unga, basi aliyemponyesha si jaji. Na kama hakubeba, miaka ile hakuna wa kumrudishia.

Yale maelezo ya kukiri yanahitaji dakika chache zaidi, kwa sababu yanatugusa na sisi. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, kazi ya mwanasheria Mwingereza James Fitzjames Stephen, ilisema kwamba maneno ya kukiri mbele ya polisi hayawezi kutumika dhidi ya mshtakiwa. Sheria hiyo ilivuka bahari pamoja na utawala wa Waingereza. Ndiyo iliyotumika katika mahakama za Kenya mpaka Kenya ilipotunga yake mwaka 1963, na za Tanganyika mpaka ilipotungwa Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967. Mahakimu wetu wa kwanza walijifunza kazi kwa kitabu hichohicho.

Katika kesi za dawa za kulevya serikali ya India ilikuwa na hoja moja ya ujanja. Ofisa wa forodha si polisi, ilisema, wala ofisa wa idara ya kuzuia dawa za kulevya si polisi. Basi mtu akikiri mbele yao, maneno yake yanafaa. Majaji wale wa mwaka 2008 hawakuikubali hoja hiyo. Lakini jopo jingine la mahakama hiyohiyo, mwaka huohuo, likasema vinginevyo! Kwa miaka 12 ikawa ni bahati ya mtu amepangiwa jaji gani. Hatimaye, tarehe 29 Oktoba 2020, katika rufani iliyotoka Tamil Nadu, majaji watatu walitoa uamuzi. R.F. Nariman na Navin Sinha walisema kwamba mwenye mamlaka ya kukamata, kupekua na kupeleleza kama polisi ni polisi kwa jambo hili, hata akivaa sare ya rangi nyingine. Jaji Indira Banerjee alipinga, na hoja zake hazikuwa nyepesi; aliona kwamba maofisa hawa wana kazi pana kuliko ya polisi. Lakini wawili ni wengi kuliko mmoja, na tangu siku hiyo ungamo la namna hiyo halitoshi kumfunga mtu.

Makali mengine yalipunguzwa na Bunge lenyewe. Mwaka 2001 adhabu zilipangwa kwa uzito. Heroini iliyo chini ya gramu 5 ni kiasi kidogo, zaidi ya gramu 250 ni kiasi cha biashara, na kima cha chini cha miaka 10 kikabaki kwa kiasi cha biashara. Hapo tena ukazuka ubishi ambao mama lishe yeyote angeuelewa: ukichanganya gramu moja ya heroini na gramu 300 za unga wa kawaida, una gramu ngapi? Mwaka 2008 mahakama ilijibu kwamba una moja. Aprili 2020 jopo kubwa zaidi likajibu kwamba una zote, maana mchanganyiko ndio unaouzwa na ndio unaoua. Kuhusu kifo cha lazima, Mahakama Kuu ya Bombay iliamua mwaka 2011 kwamba jaji awe na hiari, na mwaka 2014 Bunge likaandika hivyo katika sheria.

Na zile stoo? Januari 2016 Mahakama ya Juu ilichunguza jinsi majimbo yanavyohifadhi dawa zilizokamatwa, na haikufurahi. Dawa zilikuwa zikirundikana miaka na miaka, uteketezaji hauna utaratibu, na hatari ya mali hiyo kurudi mtaani ni ya wazi. Ikaagiza kwamba baada ya kukamata, ofisa apeleke ombi kwa hakimu bila kuchelewa. Orodha ithibitishwe, picha zipigwe, na sampuli zichukuliwe mbele ya hakimu huyo. Orodha, picha na sampuli hizo ndizo zitakazohesabiwa kuwa ushahidi wa msingi, hata mzigo wenyewe ukiteketezwa. Tarehe 1 Julai 2024 India iliiweka kando Sheria ya Ushahidi ya 1872 na kuanza kutumia mpya. Kanuni ya kutokubali ungamo lililotolewa mbele ya polisi imo humo, katika kifungu cha 23.